Kumbonyezea Asiyeona Namba ya Siri Si Wema

Ipo imani iliyokaa sana kwenye vibanda vya mawakala wa fedha hapa Morotonga, na ukipanda gari hadi Mugumu mjini au Tarime utaikuta vilevile: kwamba mtu asiyeona hana kazi na simu ya kupangusa. Mnunulieni kitochi, watu husema, kina vitufe vya kupapasa na kinakaa na chaji siku nyingi. Mambo ya pesa yakija, atamwita mjukuu amwekee namba ya siri. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi ni watoto wanaowapenda wazazi wao na majirani wenye huruma ya kweli. Lakini wamekosea, na kosa lao linamnyang'anya asiyeona kitu ambacho mwenye macho hathubutu kumpa hata ndugu yake wa damu: ufunguo wa fedha zake.

Tazama mambo yanavyokwenda siku ya mnada. Mzee asiyeona ameuza mbuzi, hela imeingia kwenye laini, anataka kutoa kidogo anunue sukari na dawa ya mifugo. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mura." Kijana wa kibanda anapokea simu, anapiga nyota, namba na alama ya reli, anapita kwenye menyu haraka haraka mpaka anafika panapotakiwa namba ya siri. "Nitajie namba yako mzee, nikuwekee." Mzee anainama na kunong'ona. Nyuma yake pana foleni, na kando ya foleni dereva wa bodaboda anamsubiri. Kijana sasa anaijua namba, na salio ameliona. Mjukuu anaijua. Jirani aliyesaidia mwezi uliopita naye anaijua. Siku salio likipungua bila maelezo, mzee atamshuku nani? Akienda kulalamika, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama aliwahi kumpa mtu namba yake. Jibu la kweli ni kwamba amewapa watu wote waliowahi kumsaidia.

Kejeli yenyewe ni kwamba hakuna onyo linalorudiwa zaidi nchini Tanzania kuliko lile la kampuni za simu na benki: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Tunalisikia redioni, tunaletewa kwa meseji, limebandikwa kwenye kuta za mawakala. Kisha haohao wanaotuonya wanatengeneza huduma ambayo asiyeona ataitumia kwa shida mpaka avunje onyo hilo. Akishaibiwa, anakumbushwa onyo.

Tukianza na kitochi, faida yake siikatai. Juu ya namba 5 kuna kinundu kidogo. Kidole kikikigusa, kinajua 4 iko kushoto, 6 iko kulia, 2 juu na 8 chini. Mtu aliyezoea anabonyeza namba kumi za simu bila kukosea huku akizungumza na mgeni. Tatizo la kitochi ni kwamba kinapokea lakini hakijibu. Menyu ya kutuma pesa inafunguka kimya. Jina la anayetumiwa, ambalo mwenye macho hulisoma kabla ya kuthibitisha, linakuja kimya. Anayekitumia inabidi akariri mpangilio wa menyu kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha, na siku kampuni ikihamisha huduma moja kutoka nafasi ya 3 kwenda ya 4, anabonyeza asichokijua. Tokeni ya umeme ya LUKU ina tarakimu 20. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali ina 12. Zote hufika kwa meseji au kwa karatasi, na kitochi cha kawaida hakisomi hata moja. Kwa hiyo yule tunayesema kitochi kinamtosha, kinamtosha kupiga na kupokea simu tu. Mengine yote bado anasomewa.

Simu ya kupangusa, ambayo tunadhani ndiyo kikwazo, husema. Programu ya TalkBack ya simu za Android ilitoka mwaka 2009, na mmoja wa waliokuwa nyuma ya kazi hiyo kule Google ni mhandisi T. V. Raman, ambaye mwenyewe haoni. Mwaka huohuo Apple waliweka VoiceOver kwenye iPhone 3GS. Kwenye simu nyingi za Android huhitaji hata kununua kitu: unashikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache na simu inaanza kusoma. Inasoma hata kwa Kiswahili, maana sauti ya Kiswahili ipo kwenye huduma ya Google, na ipo pia kwenye programu ya bure ya eSpeak. Kidole kinapotembea juu ya kioo, kila kinachoguswa kinatajwa, na hakuna kinachofunguka mpaka mtumiaji athibitishe. Kuna hata uwezo wa kuficha kioo: simu inafanya kazi yote huku uso wake ukiwa mweusi tii. Mwenye macho kwenye foleni ya wakala hukinga mkono asichunguliwe. Asiyeona mwenye hedifoni sikioni na kioo kilichofichwa hana cha kuchunguliwa. Kwa siri ya fedha, amewazidi wenye macho wote kwenye foleni ile.

Watetezi wa kitochi wana hoja moja nzito, nayo ni pale simu inapotaka namba katikati ya mazungumzo. Unapiga huduma kwa wateja, mashine inapokea: kwa Kiswahili bonyeza moja, kujua salio bonyeza mbili, sasa weka namba yako ya siri ikifuatiwa na alama ya reli. Kwa mwenye macho ni jambo la kufumba na kufumbua. Asiyeona anaanza kazi. Simu ikiwa sikioni, kihisio kilicho karibu na spika kimekizima kioo ili shavu lisibonyeze kitu. Akiitoa sikioni kioo kinawaka, lakini sauti ya mashine inakuwa mbali. Akiweka spika ya nje, kibanda kizima kinasikiliza. Ubao wa namba haupo mbele yake. Umefichwa nyuma ya kitufe ambacho inabidi kwanza akitafute. Wakati anatafuta, sauti mbili zinaongea kwa mpigo: mashine inataja menyu na TalkBack inataja vitufe. Akiipata namba, baadhi ya simu huiingiza anapoinua kidole, nyingine hudai agonge mara mbili. Namba ya siri ya tarakimu nne kwenye simu ya aina hiyo ya pili ni kugonga mara nane, ukiacha muda wa kutafuta kila tarakimu. Mashine haina subira hiyo. "Samahani, hujachagua huduma yoyote." Simu inakatwa, na salio la muda wa maongezi limekwenda.

Hapo ndipo watu hutikisa kichwa na kusema, si tulikwambia? Mimi nasema wamemtazama mtu badala ya kuitazama mashine. Namba zinazobonyezwa wakati wa simu ni milio. Mfumo huo ulianza kuuzwa kwa wateja Marekani mwaka 1963, na hadi leo kila kitufe hutoa sauti mbili kwa pamoja: ukibonyeza 5, upande wa pili hufika mlio wa hezi 770 na wa hezi 1336, na mashine hutambua namba kwa kuusikia. Mashine yenyewe haioni chochote, inasikia tu. Mteja naye haoni, anasikia. Wawili wanaoelewana kwa masikio tumewawekea kioo katikati, tukampa mmoja sekunde chache za kukipapasa, akishindwa tukasema tatizo ni macho yake. Sekunde hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu ofisini aliyeziandika, na anaweza kuzibadilisha kabla ya chakula cha mchana.

Wakati tukimsubiri, wasioona wanaozitumia simu hizi kila siku wana mbinu zao, na zinafaa kuenezwa. Ya kwanza ni hedifoni yenye waya kwenye sikio moja: kioo hakizimwi, sauti haiendi nje, na sikio la pili linabaki kwa wakala. Kwenye menyu za fedha ni ya lazima, kwa sababu simu nyingi huonyesha namba ya siri waziwazi pale inapoandikwa na TalkBack huitaja tarakimu kwa tarakimu. Ya pili ni kuweka alama ya mkato ndani ya namba iliyohifadhiwa. Ukihifadhi namba ya huduma, ukaweka mkato, kisha 1, mkato tena, kisha 2, simu itapiga, itasubiri kidogo kila penye mkato, na itazibonyeza namba za menyu yenyewe. Ipo na alama ya kusubiri, ambayo huizuia simu isitume namba zinazofuata mpaka wewe uiruhusu. Lakini namba ya siri isihifadhiwe hivyo hata siku moja. Hiyo ikae kichwani.

Mbinu za mtumiaji haziwafutii deni waliotengeneza huduma. Kenya, Safaricom waliwahi kuwawezesha wateja kujitambulisha kwa sauti zao wenyewe badala ya namba, kwa huduma waliyoiita Jitambulishe. Si lazima kila mtu aige hilo, lakini linaonyesha kwamba njia ya kibodi si amri ya maumbile. Tunachodai ni vitu vidogo: mashine impe mteja muda wa kutosha na kurudia menyu kabla ya kukata. Programu za benki ziache kuchora vibodi vyake zenyewe ambavyo TalkBack ikivigusa husema "kitufe, kitufe, kitufe" bila kutaja namba. Huduma ijaribiwe na wasioona kabla ya kuzinduliwa, maana asiyekuwepo na lake halipo.

Na haya hatuyaombi kwa fadhila. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba huo inazungumzia kufikiwa kwa teknolojia ya mawasiliano. Ibara ya 12 inataka wenye ulemavu wahakikishiwe haki ya kusimamia mambo yao ya fedha wenyewe, sawa na wengine. Haki hiyo haiwezi kutimia kwa mtu ambaye kila shilingi yake inapitia kidole cha mwingine.

Najua nitaambiwa simu ya kupangusa ni ghali na huko vijijini umeme ni wa kuvizia. Ni kweli. Basi na iwe sababu ya bei, tusiigeuze kuwa sababu ya macho. Familia inayomnunulia kijana wa sekondari simu ya kupangusa ili aangalie video, kisha ikampa baba asiyeona kitochi kwa hoja kwamba hataiweza, haikukosa pesa. Imeamua nani ana haki ya kuwa na siri. Na kitochi abaki nacho kwa ajili ya chaji. Laini mbili si dhambi.

Wewe uliye nyuma ya kaunta ya kibanda, siku mzee huyo akija, usiipokee simu. Msomee kiasi na namba ya wakala, kisha geuka upande mwingine, na foleni ingoje hata dakika tano. Wewe mjukuu, kaa na babu jioni moja umfundishe kuwasha TalkBack na kupapasa ubao wa namba. Akishaweza, mwambie abadilishe namba yake ya siri siku hiyohiyo, na wewe usiwepo anapoibadilisha.