Ovaroli ya baba isiingie ndani

Shemeji yangu amenunua lori la jeshi. Bei sitaitaja, maana dada yangu husoma ukurasa huu kila wiki, na kiasi alichoambiwa yeye sicho nilichoambiwa mimi.

Ni Bedford MK ya kijani, iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya jeshi la huko. Ukiwa Arusha au Nairobi huenda umeshapishana na ndugu zake bila kujua. Jeshi lilipoyaacha, baadhi ya malori haya yalinunuliwa na kampuni za utalii, yakafungwa viti na madirisha nyuma, yakawazungusha vijana wa Ulaya nusu ya Afrika. Hili la shemeji lilimaliza kazi hiyo, likaegeshwa nyuma ya ukuta wa mtu mpaka mti ukaota katikati ya magurudumu. Sasa viti vimeng'olewa. Linatakiwa kubeba vitunguu kutoka Mang'ola.

Nilimuuliza kwa nini hakununua Fuso kama wenzake. Akanijibu kwa dakika arobaini. Magurudumu yote manne yanavuta, hivyo barabara ya vumbi au tope si neno. Lilitengenezwa kubeba tani nne porini. Injini ni dizeli ya silinda sita, lita 5.4, na hakuna humo kompyuta ya kukataa kuwaka asubuhi. Fundi mwenye spana na subira anaifungua yote. Haliendi hata kilomita 80 kwa saa, jambo ambalo yeye aliliona kasoro na mimi nikaliona sifa. Kusema kweli tulilipenda sote. Watoto walilipenda kuliko sote.

Jumamosi moja nikaenda kuwasalimia. Lori lilikuwa uani chini ya mwembe, magurudumu ya mbele yametolewa, ngoma za breki ziko chini. Fundi alikuwa ameazima kompresa. Akaelekeza mpira wa upepo ndani ya ngoma, likatoka wingu la vumbi jeusi la kijivu, watoto wakashangilia kama wameona fataki. Kitinda mimba wao, wa miaka minne, alichuchumaa akachora jua kwa kidole kwenye vumbi lililobaki. Mimi, mama yake mdogo, mwandishi wa habari za afya, nikapiga picha.

Nilikuja kuiangalia ile picha usiku nikiwa kitandani. Nikaona wingu. Nikaona na kidole.

Malori haya yalianza kuingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lainingi za breki za zama zile, pamoja na klachi na baadhi ya gasketi, kwa kawaida zilichanganywa na asbesto. Ni asbesto ile ile unayoisikia kwenye mapaa ya majengo ya zamani. Haiungui, inastahimili joto kali na ni imara, ndiyo maana viwanda viliipenda. Lainingi inaposuguana na ngoma inasagika, na unga wake hauna pa kwenda kwa sababu ngoma ni kama sufuria iliyofunikwa. Unakaa humo ukisubiri mtu afungue.

Nyuzi za asbesto ni nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Ukizivuta zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauna namna nzuri ya kuzitoa. Zinaweza kuleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Kibaya zaidi ni kwamba ugonjwa huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Hakuna kikohozi cha kesho yake cha kukuonya. Mtoto wa miaka minne ana miaka mingi mbele ya kusubiri kuliko babu wa miaka sabini.

Kuna utafiti mmoja wa London ambao nikiusoma kila mara huwa nafikiria beseni la kufulia. Ulichapishwa mwaka 1965 na Newhouse na Thompson. Walifuatilia historia za wagonjwa 76 wa saratani hiyo ya utando. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi na asbesto, kama ungetarajia. Lakini tisa hawakuwahi kufanya kazi hiyo. Waliishi tu nyumba moja na mtu aliyeifanya. Wengi wa hao tisa walikuwa wanawake waliofua nguo za kazi za waume zao.

Sitaki kukutisha kuliko ushahidi unavyoruhusu. Wale waume walitoka kiwandani, ambako vumbi lilikuwa jingi kila siku kwa miaka. Fundi wa breki hupata kiasi kidogo zaidi, na wataalamu wamebishana sana juu ya hatari yake ni kubwa kiasi gani. Ngoma mbili za Jumamosi moja si kiwanda. Lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, halijaona kiwango cha asbesto ambacho chini yake unaweza kusema hapa hakuna hatari ya saratani. Na shemeji hakununua lori la Jumamosi moja. Atalifungua breki mara nyingi mpaka lizeeke tena, na kila mara atarudi nyumbani na ovaroli.

Nilimpigia asubuhi kabla hajaenda kanisani. Akasema, "Shemeji, hizo lainingi zimeshabadilishwa mara ngapi tangu litoke jeshini? Utajuaje ni za asbesto?" Swali zuri. Sijui, naye hajui, wala fundi hajui. Kwa macho haijulikani, inataka maabara. Hata lainingi mpya si hakikisho, kwa sababu zipo nchi ambazo bado zinachimba na kuuza asbesto. Asiyejua lililomo ndani ya ngoma anaifungua kama vile ni asbesto. Ndivyo tulivyokubaliana, ingawa alinuna hadi saa nane mchana.

Kwanza kompresa ikarudishwa kwa mwenyewe. Vumbi la breki halipulizwi kwa upepo, wala halipigwi brashi likiwa kavu, wala halifagiliwi. Linaloweshwa. Chupa ya kupulizia maji yenye sabuni kidogo inatosha: unalowesha polepole ili lisiruke, unafuta kwa kitambaa kibichi, kitambaa unakitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na lainingi kuukuu, unafunga, unatia kwenye mfuko wa pili. Hakuna kuchoma, hakuna kukung'uta kitambaa ili kitumike tena. Barakoa ya kitambaa, zile tulizobaki nazo tangu korona, haizuii nyuzi hizi. Anayefanya kazi hii avae yenye kichujio kinachostahili, imeandikwa FFP3 au P100, na ndevu zisizuie isikae vizuri usoni.

Pili, kazi ikahamia gereji. Uani kwa dada kuna kamba ya nguo, kuna kuku, kuna watoto watatu na wa jirani wanne. Kazi ya breki haina nafasi hapo.

Tatu ni ovaroli, na hapa ndipo dada aliposhika kiti vizuri. Alikuwa akiikung'uta mlangoni kila jioni, kisha anailoweka na soksi za shule. Sasa ovaroli na viatu vya kazi vinabaki gereji. Ikilazimu kufuliwa inalowekwa kwanza bila kukung'utwa, inafuliwa peke yake, maji yanamwagwa mbali na watoto wanapochezea, na beseni linasuuzwa. Baba anaoga na kubadili nguo kabla ya kukumbatiwa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Nani anamweleza mtoto wa miaka minne kwamba baba haguswi hadi aoge?

Nilidhani tumemaliza. Kumbe kuna rangi.

Shemeji anataka lori liwe la buluu. Kijani cha jeshi, anasema, kinawafanya askari wa barabarani wamuulize maswali ya ajabu. Kwa hiyo vijana wawili walishaanza kupiga msasa bodi. Rangi za vyuma na magari za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, hasa ile nyekundu ya kuzuia kutu inayopakwa chini. Unaweza kuona kichekesho cha lori la jeshi kuja na risasi zake. Mimi nilicheka, halafu nikaacha. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na WHO inasema mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya wa mtu mzima. Mtoto hahitaji kulamba lori. Vumbi linatua ardhini, anacheza, anatia kidole mdomoni. Msasa mkavu ukasimamishwa. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri, inaoshwa na mpya inapakwa juu yake. Panapobanduka panasuguliwa kwa msasa wa maji, gereji, na tope lake linakusanywa. Udongo wa pale chini ya mwembe, ambapo unga ulishaanguka, tuliulowesha tukaukwangua juu na kuuzoa, na watoto wananawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Walitakiwa wanawe hata kabla ya lori, lakini tusijidanganye.

Magurudumu nayataja kwa ufupi, ila ukisahau mengine yote usisahau haya. Malori mengi ya kizamani ya namna hii yana rimu za vipande, zenye ringi ya chuma inayoshikilia tairi. Ringi ikikaa vibaya au ikiwa na kutu, ukijaza upepo inaweza kuruka kwa nguvu ya kuua mtu. Wenzetu wamekufa kando ya barabara kwa ajili hiyo. Upepo unatolewa wote kabla ya kufungua, ringi ya rimu moja haihamishiwi nyingine, na kujaza kunafanyika tairi likiwa ndani ya kizimba cha chuma, fundi amesimama pembeni na mpira mrefu. Kama fundi wa tairi wa mtaani kwenu hana kizimba, mpelekee tairi mwenye nacho. Na hapana watoto wa kutazama. Watoto wanapenda sana kutazama tairi likijazwa.

Injini ya MK iko nyuma tu ya viti vya kabini, chini ya kifuniko. Kifuniko kikichoka na ekzosi ikitoboka, moshi unaingia kwa dereva na utingo. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Mpira wa kifuniko na kiraka cha ekzosi havikuwa kwenye bajeti. Sasa vimo. Ndiyo maana anayetafuta lori kuukuu ninamshauri, pamoja na kulinganisha namba ya chasisi na kadi kabla hajatoa hata shilingi, aweke kando fedha za lainingi nne, ekzosi na rimu, kwa sababu lori la bei nafuu hudai salio lake baadaye.

Mabishano ya mwisho yalihusu ubarikio. Binti mkubwa wa dada atapata kipaimara, na shemeji alikwisha kuwaahidi watoto wa ukoo mzima kwamba watakwenda kanisani nyuma ya lori, wamesimama, wanaimba. Alishanunua na maputo. Nikamwambia kule nyuma hakuna mkanda hata mmoja, na likifunga breki ghafla watoto kumi na wanne watakuwa mzigo kama vitunguu, ila vitunguu havivunjiki shingo. Hakunijibu. Dada ndiye aliyejibu, jikoni, bila kugeuka: "Watapanda daladala." Maputo yatafungwa kwenye lori, nalo litatangulia mbele tupu likipiga honi. Ni maafikiano mazuri kuliko nilivyotarajia.

Safari ya kwanza ya Mang'ola ilikuwa Alhamisi. Lilirudi na magunia, na taa moja haiwaki. Dada ananiambia shemeji alipitia gereji akaacha ovaroli, akaja kwa miguu, akaingia bafuni la nje moja kwa moja. Mdogo alikaa kwenye kizingiti akihesabu kwa sauti, kwa sababu aliambiwa akifika mia baba atakuwa safi. Hajui kuhesabu hadi mia. Alifika ishirini na tisa, akarudi kumi, akaendelea hivyo hadi mlango ulipofunguliwa.