Anayeandamwa Asiambiwe "Rudi Atakapokugusa"



Juma hili sitagusa somo la Dominika, kwani nina kosa langu la kueleza. Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja alinifuata ofisini baada ya Misa ya asubuhi, akasema kwa sauti ya chini: "Baba Paroko, kila ninakokwenda yupo." Alikuwa ameachana na mchumba wake. Tangu siku ile kijana alimngoja kituo cha daladala, alisimama mbele ya mahali pake pa kazi, alimpigia usiku kwa namba ngeni. Hakumpiga, wala hakumtukana. Polisi walimwambia binti arudi atakapoguswa.

Nami nikafanya nini? Niliwaita wote wawili, nikawakalisha, nikawapatanisha. Kijana alilia, akaomba msamaha, nikafurahi moyoni kwamba kazi imekwisha. Kumbe nilikuwa nimempa saa nzima ya kukaa na binti yule, jambo alilolitafuta kwa miezi. Juma lililofuata alikuwa tena kituoni. Binti aliacha kazi, akahama mji.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kumwandama mtu ni mwenendo, si tukio. Ujumbe mmoja wa simu si kosa, na kusimama barabarani si kosa. Uzito umo katika mfululizo, na mfululizo hauonekani na mtu anayetazama kipande kimoja tu. Polisi hutafuta jeraha, daktari humngoja mgonjwa aje kwa miguu yake, nasi mapadre na wazee hutafuta suluhu. Mwandamaji hupenya katikati yetu sote.

Waingereza walilifikiria jambo hili kwa namna inayostahili kutazamwa. Mwaka 2006 walianzisha London kituo ambamo polisi na wataalamu wa afya ya akili hufanya kazi pamoja, ili kuwashughulikia watu wanaowaandama wanasiasa na familia ya kifalme. (Wakubwa kwanza, kama kawaida ya dunia!) Mwaka 2018 mpango wa namna hiyo ukawafikia raia wa kawaida. Polisi, wataalamu wa akili, maofisa wanaosimamia wahalifu walio nje ya gereza, na watetezi wa wanaoandamwa waliunganishwa katika kazi moja. Watetezi hao hutoka Suzy Lamplugh Trust, shirika lililoanzishwa na wazazi wa Suzy Lamplugh, dalali wa nyumba mwenye umri wa miaka 25 aliyetoweka mwaka 1986 akiwa kazini.

Daktari hufanya nini mezani hapo? Wengi hudhani kazi yake ni kumpatia mwandamaji udhuru wa kichaa. Sivyo hata kidogo. Kazi yake ni kueleza ni kitu gani kinachomsukuma. Mwaka 1999 Paul Mullen na wenzake nchini Australia walichapisha utafiti juu ya waandamaji 145, wakawagawa katika makundi matano: aliyekataliwa na mpenzi, anayejiaminisha kwamba anapendwa na mtu ambaye pengine hamjui, mchumbiaji asiyejua adabu, mwenye kinyongo, na anayewinda ili adhuru. Asilimia 36 ya hao 145 walikuwa wamewashambulia watu. Asilimia 30 walikuwa na ugonjwa wa kuamini yasiyokuwepo, na ugonjwa huo ulionekana hasa kwa wanaojiaminisha kupendwa. Mtu wa namna hiyo hatishwi kwa urahisi na onyo la polisi, kwani hata mahakama huweza kuiona kama sehemu ya mapenzi, anahitaji tiba. Aliyekataliwa, kwa upande wake, mara nyingi anaelewa vizuri sana maana ya kufungwa. Ukiwachanganya hao wawili, utamfunga wa kutibiwa na kumbembeleza wa kufungwa.

Sheria nayo ikafuata. Tangu Januari 2020, katika Uingereza na Wales, polisi wenyewe huweza kumwomba hakimu amri ya kumzuia mwandamaji hata kabla hajatiwa hatiani. Amri hiyo huweza pia kumtaka apimwe akili. Akiivunja, huweza kufungwa hadi miaka mitano. Linalonigusa zaidi ni neno "wenyewe": mzigo wa kwenda mahakamani hauwekwi mabegani mwa mtu ambaye tayari anatetemeka.

Hapa kwetu Tanzania msingi upo. Tuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na katika baadhi ya hospitali tuna vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo polisi, mganga na ofisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Lakini mwenye kupokelewa huko kwa kawaida ni aliyekwisha kuumizwa. Maoni yangu ni kwamba mlango huohuo ufunguliwe kwa aliye katika hali ya binti yule, na kwamba mtaalamu wa akili aongezwe mezani.

Najua pingamizi. Daktari ana siri za wagonjwa wake, nami mtu wa kitubio siwezi kulipuuza hilo. Hata hivyo kumweleza polisi kwamba mtu fulani ni hatari kwa mtu fulani si kumkabidhi faili zima. Pingamizi la pili ni zito zaidi: jamii yetu ikisikia "akili" na "polisi" katika sentensi moja, itaanza kuwakamata wagonjwa wasio na hatia, ambao wengi wao hawamwandami mtu yeyote. Kwa hiyo mpango ukija, uanzie kwenye mwenendo uliothibitishwa, kamwe usianzie kwenye ugonjwa.

Kwa upande wangu, anayekuja sasa na habari ya namna hii simwiti mwandamaji. Namwomba mgeni wangu asifute ujumbe hata mmoja, aandike tarehe, saa na mahali, kisha tunakwenda pamoja kwenye Dawati na daftari hilo mkononi. Binti yule hunipigia simu kila Krismasi. Bado hajaniambia anaishi mji gani, nami siulizi.