Kisukari: Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa

Leo tuzungumzie miguu ya wenye kisukari, jambo ambalo kwa maoni yangu tunaweza kulipunguzia madhara majumbani na misikitini mwetu kabla halijafika hospitali.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja kuchukua dawa zake za sukari. Nilimpima, nikamwandikia dawa, akaenda zake. Sikumwambia avue viatu. Baada ya wiki tatu alirudi akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, mguu umefungwa kitambaa na unatoa harufu, kidole kimekuwa cheusi. Nilipomuuliza mbona amechelewa, alinijibu: "Mwanangu, kilikuwa hakiumi." Alikatwa mguu chini ya goti. Nami tangu siku hiyo simwachi mgonjwa wa kisukari aondoke kabla sijamtazama nyayo.

Kwa nini hakikuuma? Ndani ya kila mshipa wa damu mna utando mwembamba na laini. Utando huo hutengeneza hewa iitwayo naitriki oksaidi, inayoufanya mshipa utanuke pale damu nyingi inapohitajika. Pia huzuia damu isigande ovyo. Sukari ikizidi kwa miaka, utando huo huharibika. Mshipa hukakamaa, mafuta hupata pa kunasa, na njia ya damu huwa nyembamba. Ikiwa ni mishipa mikubwa, matokeo yake ni maradhi ya moyo, kiharusi na miguu kukosa damu. Ikiwa ni mishipa midogo, huathirika macho, figo na mishipa ya fahamu. Presha na sigara huzidisha uharibifu huo.

Mishipa ya fahamu ikiharibika, ganzi huingia. Mtu hukanyaga msumari asijue. Kidonda nacho, ili kipone, kinahitaji damu ilete hewa safi, chakula na askari wa mwili. Hata dawa tunazomeza husafiri kwa damu. Njia ikiziba, dawa haifiki.

Hapa ndipo tunapokosea. Wengine husema mzee "amekanyaga kitu", wakaanza kuhangaika huku na kule huku nyama inaoza. Wengine husema kidonda cha kisukari hakiponi, basi ya nini kwenda hospitali? Hayo si kweli. Vingi hupona vikiwahiwa, sukari ikishushwa na mguu ukipumzishwa. Kisomo na dua ni haki yetu, lakini visiwe sababu ya kuchelewa.

Ndugu msomaji, Muislamu ana nafasi ambayo wengi hawana. Kila anapotia udhu huiosha miguu yake, na ni sunna kupitisha vidole katikati ya vidole vya miguu. Rai yangu ni kwamba mwenye kisukari atie udhu kwa macho pia. Angalau mara moja kwa siku atazame unyayo, kisigino na katikati ya vidole: je, kuna mpasuko, lengelenge, wekundu au weusi? Asiyeweza kuinama, au ambaye macho yamepungua nuru, mjukuu anayemmiminia maji amtazamie. Akimaliza, akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa, kwani unyevu huleta fangasi na mpasuko huwa mlango wa vijidudu.

Maji ya moto yapimwe kwanza na mtu asiye na ganzi. Asitembee peku, hata kutoka birikani hadi mlangoni, maana sakafu ya saruji saa saba mchana humuunguza bila kuhisi. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Kucha azikate kwa kunyoosha, na sugu asizichonge kwa wembe. Nazishauri kamati za misikiti ziweke ndala za mpira penye kutawadhia. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mguu wa muumini.

Kidonda kikionekana, hata kidogo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usihofie udhu wako. Sheria ina ruhusa ya kupaka maji juu ya bandeji, na ya kutayamamu pale maji yanapodhuru. Muulize sheikh wako akuelekeze. Vile vile, ukitembea misuli ya miguu ikauma na ukisimama ikatulia, usiseme ni uzee. Huenda ni damu haifiki.

Na wewe usiyejijua hali yako, kapime. Sukari ya kabla ya kula asubuhi ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikathibitisha, hicho ni kisukari.

Kwa sisi matabibu, tuwavue viatu wagonjwa wetu. Mimi nilijifunza hilo kwa mguu wa mtu mwingine.

Wabillahi tawfiiq.