Gari la Mgonjwa na Ujira Wake

Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo limhusulo kila mwenye nyumba, nalo ni safari ya mgonjwa kutoka kwake mpaka hospitali.

Aliye mjini Dar es Salaam hulalamika kuwa gari la wagonjwa hukwama katika msongamano. Lakini mwenzake wa Ngorongo, wilayani Rufiji, hulingoja gari hilo hali njia yenyewe imegeuka matope ya masika. Na wa vijiji vya delta, upande wa Kibiti, hana njia ila ya maji. Masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti, yakafunika nyumba na mashamba. Uchungu wa uzazi hauyangoji maji yajae wala yapungue.

Serikali peke yake haijaweza kuweka gari na dereva katika kila kijiji. Ndipo ukatungwa mpango uitwao m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kwa nchi nzima. Hupigwa simu nambari 115 bila malipo. Mpokeaji huuliza hali ya mgonjwa. Likiwapo gari la wagonjwa karibu hutumwa, na lisipokuwapo huitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, naye hulipwa ujira wake kwa simu. Lakini mpango huo ni wa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Aliyejeruhiwa na mamba au aliyeumwa na nyoka bado hutegemea gari la kituo, au mfuko wake, au jirani yake.

Basi, je, yafaa mtu kutoza ujira kwa kumchukua aliye hatarini? Jawabu letu ni kuwa ujira wenyewe si haramu, kwani ijara ni halali, na petroli hununuliwa. Lakini kumwokoa mwenye kuhiliki ni faradhi ya kutosheleza: akiitimiza mmoja wamesalimika wote, wakiiacha wote wamepata dhambi, na asipokuwapo mwenye uwezo ila mtu mmoja, humlazimu yeye. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa mwenye chakula hana ruhusa kumnyima aliyekaribia kufa kwa njaa, ila aweza kudai thamani yake ya kawaida. Kwa kipimo hicho, mwenye gari au mtumbwi anayo haki ya nauli iliyozoeleka, wala hana haki ya kuizidisha mara tatu kwa kuwa amemsikia mama akilia. Na asiye na kitu apakiwe kwanza, deni lizungumzwe baadaye.

Yatupasa nini? Kila nyumba yenye mja mzito iijue nambari ile, imjue mwenye chombo aliye karibu, na iweke akiba mapema. Waume wasiitishe kikao cha ukoo usiku wa manane hali damu yamwagika. Kila msikiti uweke mfuko mdogo wa nauli ya wagonjwa, na wazee wapatane na wenye vyombo juu ya bei kabla ya haja kutokea, maana mwenye dhiki hana ulimi wa kupatana.

Nanyi vijana wa bodaboda na wa mashua, mtakapogongewa mlango usiku, kumbukeni kuwa kesho aliye kitandani huenda akawa mama yenu.

Wabillahi tawfiq.