Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: dang'a nililifua kwa sabuni

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Nilijifungua kituoni kwako saa tisa usiku. Saa nne asubuhi nikaambiwa kitanda kinahitajika. Muuguzi alijaza kadi, akasema, "Kamnyonyeshe mtoto." Ulikuwa uzazi wangu wa kwanza, nikaona aibu kuuliza namna.

Nyumbani titi likatoa matone mazito ya njano. Mama mkwe akasema ni machafu, yakamuliwe. Nikayakamulia kwenye kanga, nikaifua. Mtoto akapewa maji ya sukari, siku ya tatu uji mwepesi wa uwele. Simlaumu mama. Alifanya alivyofundishwa, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Siku ya tisa nilirudi kwako na mtoto anaharisha, utosi umebonyea. Tulilazwa siku sita. Ndipo muuguzi wa zamu ya usiku akaniambia lile lilikuwa dang'a, kinga ya kwanza ya mtoto, na kwamba matone yale yalimtosha kwa tumbo lake dogo. Maziwa huja kwa kunyonywa. Kila kijiko cha maji kilikuwa kinayapunguza. Akanishika mkono, akangoja mtoto apanue mdomo, akamsogeza hadi sehemu nyeusi ya titi ikaingia. Dakika kumi tu! Nilihudhuria kliniki mara nne, nikikaa kwenye benchi lako tangu saa moja asubuhi, na hakuna aliyenipa dakika hizo kumi. Dang'a la mwanangu lilikwenda na povu la sabuni.

Kila Agosti 1 hadi 7, Wiki ya Unyonyeshaji, tunahutubiwa: ndani ya saa ya kwanza, maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha hadi miaka 2 na zaidi. Ni kweli tupu. Ila mimi nilijifungua Februari.

Naomba mzazi asiruhusiwe kabla muuguzi hajamwona mtoto akinyonya. Waiteni kliniki mama wakwe na waume, maana nyumbani ndio wanaoamua. Kama wauguzi hawatoshi, waambie wakubwa. Makao makuu ya nchi yako hapa hapa Dodoma. Na wao watujibu: sheria ya ajira ya 2004 inampa mwajiriwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Sisi vibarua wa mashamba ya zabibu tunapewa na nani?

Mwanangu anaendelea vizuri. Yule tuliyelala naye kitanda kimoja, naye uzazi wa kwanza, aliruhusiwa saa nne ile ile. Nilikuwa pale. Hakuna aliyemwonyesha.

Mama wa mtoto wa kwanza,
Dodoma