Kihenge Hakikaushi Mahindi

Ukiingia Sumbawanga, Songea au Makambako siku hizi, vihenge vya chuma vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) huwezi kuvikosa. Ni sehemu ya mradi wa mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland: vihenge na maghala katika maeneo manane, ili tani 250,000 ziongezwe juu ya zile 251,000 ambazo Wakala ulikuwa na uwezo wa kuzihifadhi. Mradi ulichelewa, lakini ulihitajika. Mwaka wa neema, maghala yakijaa, Serikali huacha kununua na mkulima wa Ruvuma hubaki na mahindi chini ya turubai, akimsubiri dalali apange bei.

Hivyo sibishi kwamba vijengwe. Ninachobisha ni imani kwamba tukishajenga tumemaliza.

Kihenge hutunza kilichoingizwa, kwa ubora kilioingia nao. Mahindi ya kuhifadhiwa hayapaswi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakiingia mabichi, jua huchoma bati mchana, usiku bati linapoa, na mvuke unaopanda kutoka kwenye punje hugeuka matone chini ya paa na kudondokea mahindi ya juu. Hapo punje hushikamana, hupata joto na kuota kuvu. Feni za kupitisha hewa zipo kwa ajili hiyo, ila zinataka umeme na mtu anayejua lini aziwashe. Katika ghala la magunia, rundo bovu unaweza kulitenga. Ndani ya kihenge, uozo wa kona moja ni tatizo la shehena nzima.

Na kuvu hawa si wa mchezo. Mwaka 2004, sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ikaua 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wengi wao walikula mahindi ya nyumbani kwao, ambayo hayakuwahi kukaribia ghala la Serikali. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, wafanyabiashara walionja hasara iliyoanzia shambani: mazao yaliyobanwa na ukame, yakaanikwa juu ya udongo, yakapigwa fimbo mpaka punje zikapasuka.

Kwa nini basi mkulima hakaushi vizuri? Tumezoea kujibu kwamba hana elimu. Mimi naona anajua hesabu kutushinda. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13.5, hubaki na kilo 95 hivi. Mnunuzi wa barabarani anayelipa bei moja kwa kilo, bila kipima unyevu, anamkata mkulima huyo kilo tano kama adhabu ya kufanya kazi safi. Hata kwa debe hali ni ile ile, maana punje yenye maji imevimba. NFRA hupima na kukataa mahindi mabichi, ni kweli, lakini yaliyokataliwa hayatupwi. Yanaishia kwa dalali, kisha mashineni, kisha kwenye sufuria ya mtu.

Dawa nayo haiwezi kuwa moja kila mahali. Rukwa huvuna kiangazi, mahindi hukaukia shambani. Shida kubwa huko ni dumuzi na mnunuzi anayechelewa, na mifuko isiyopitisha hewa inasaidia mno. Kitale mavuno hukutana na mvua, ndiyo maana Kenya ilinunua mashine 100 za kukaushia zinazohamishika. Kongwa kinahitajika zaidi kitu cha kuanikia kisicho ardhi tupu, na mashine ya kupukuchua isiyovunja punje.

Vitu hivi havikatiwi utepe, na pengine ndiyo sababu bajeti inavipita. Ningependa mkopo ujao wa vihenge uje na sharti: kila kituo cha kununulia kijijini kiwe na mizani, kipima unyevu na sehemu ya kuanikia, na bei itangazwe kwa madaraja, mahindi makavu yalipwe zaidi kiasi cha kufidia zile kilo tano. Dalali atalalamika. Kama anayataka mahindi hayo, atanunua kipimo chake.