Vishikwambi vyetu na mvua ya masika

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi niwaase walimu wenzangu tuendao kazini kwa baiskeli. Baada ya Sensa ya 2022, Serikali ilitugawia walimu vishikwambi. Masika iliyopita changu kililowa ndani ya mkoba niliouziwa kuwa haupitishi maji. Kitambaa hakikuvuja; maji yalipenya kwenye matundu ya sindano na zipu. Mifuko ya plastiki tuliyozoea kufungia vitu ilipigwa marufuku Juni 2019. Basi tuchague mkoba ulioungwa kwa moto, si kwa uzi, wenye mdomo wa kukunja mara tatu. Kabla ya kuutumia, tia karatasi kavu, umwagie ndoo ya maji. Halmashauri nazo zitusaidie kuinunua. Mali ya umma isilindwe kwa mshahara wa mwalimu peke yake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.